Kijana wa Kilwa na Elimu ya Ulinzi wa Mitandao: Halali, Haramu na Njia ya Kuifikia

Sifa zote njema anastahiki Allah, na rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (Swalla Allaahu 'alayhi wa sallam), ahli zake na Maswahaba zake.

Wazazi wa Kilwa, Lindi na visiwani wanauliza suali moja kwa sura mbalimbali: kijana anataka kusomea ulinzi wa mitandao, nao wamesikia kuwa huko hufundishwa kuvunja mifumo ya watu. Je, wamruhusu? Jawabu letu ni kuwa wamruhusu, na wamsimamie. Elimu hii leo imeingia katika fardhi kifaya: wakipatikana wa kutosha dhima huondoka, wakikosekana sote tunabeba lawama.

Tutazame hali ilivyo. Mkulima wa ufuta wa Kilwa hupeleka mzigo ghalani kupitia chama cha msingi, hupewa stakabadhi, mnada hufanyika kwa mtandao, kisha malipo huingia katika akaunti yake. Mvuvi wa pweza wa Songosongo hutuma matumizi ya nyumbani kwa simu. Masultani wa Kilwa walipiga sarafu za shaba zenye majina yao, na mtu aliishika mali yake mkononi. Leo mali hiyo ni jina, namba, kilo na salio vilivyoandikwa katika kompyuta iliyo mbali naye.

Wataalamu wa fani hii hulinda mambo matatu. La kwanza ni siri: asiyehusika asijue akaunti ya mkulima ina kiasi gani. La pili ni usahihi: kilo mia tano zisigeuzwe zikawa mia tatu. La tatu ni upatikanaji: siku ya malipo mfumo uwe unafanya kazi. Umuhimu wa hili la tatu tuliuona tarehe 12 Mei 2024, zilipokatika nyaya za chini ya bahari na intaneti ikazorota Tanzania na nchi jirani. Ukiyapima kwa mizani ya dini, yote matatu ni amana, na Allah katika Suratun-Nisaa, aya ya 58, ametuamrisha kuzifikisha amana kwa wenyewe.

Ama kujifunza namna mwizi anavyoingia, hakuna ubaya kwa anayekusudia kuziba tundu. Fundi wa makufuli lazima ajue kufuli hufunguliwa vipi. Mpaka wa halali na haramu hapa ni idhini. Suratun-Nuur, aya ya 27, inatukataza kuingia nyumba za watu bila ya ruhusa, na Suratul-Hujuraat, aya ya 12, inakataza kupekua ya watu. Simu na akaunti ya mtu ina hukmu hiyo hiyo, hata ikiwa ni ya ndugu au mke, na hata kama kijana anasema anajaribu tu. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 nayo inaliadhibu kosa hilo. Kwa hiyo kijana afanyie mazoezi kompyuta zake mwenyewe, au mifumo iliyotengenezwa kwa mafunzo, au ya mwenye mali aliyemruhusu kwa maandishi.

Njia ya kuifikia kazi hii ni ndefu lakini iko wazi. Skuli, asiikimbie hisabati wala Kiingereza. Kisha aanze na msingi: kompyuta inavyofanya kazi, mitandao inavyounganishwa, na uandishi wa programu. Cisco wana masomo ya awali ya bure kwa intaneti. Chuo Kikuu cha Dodoma na Chuo cha Uhasibu Arusha wana shahada za usalama wa mtandao, na Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar kina masomo ya kompyuta yanayojenga msingi huo. Kazi zipo kwenye kampuni za simu, hospitali na ofisi za serikali, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inazitaka taasisi kuzilinda taarifa za watu. Ama benki za riba, wanavyuoni wameikhitilafu kazi ya humo, na aliyepata pengine ajitenge na shaka.

Tunawatahadharisha pia na mtego wa ajira. Vijana wa Kenya, Uganda na Ethiopia waliahidiwa kazi nzuri za kompyuta Thailand, wakajikuta Myanmar wamefungiwa ndani wakilazimishwa kutapeli watu. Kazi ya mbali isiyo na mkataba uliothibitishwa isikubaliwe, hata tiketi ikiwa imekwishalipwa.

Na kijana asisubiri shahada ndipo afae. Msimu wa malipo ndio msimu wa ujumbe wa "ile pesa tuma kwenye namba hii". Akae na wazee baada ya swala, awafundishe kutompa yeyote namba ya siri, hata wakala. Wapige *106# wajue ni laini ngapi zimesajiliwa kwa kitambulisho chao. Na ujumbe wa utapeli waupeleke 15040. Huko ndiko watu watakakomjua kuwa ni mwaminifu kabla hawajamjua kuwa ni mtaalamu.

Binti wa mzee wa Madyan, katika Suratul-Qasas, aya ya 26, alimpendekeza Nabii Musa ('alayhis-salaam) aajiriwe kwa sifa mbili: nguvu na uaminifu. Nguvu ya kazi hii hupatikana chuoni. Uaminifu huanzia nyumbani na madrasa, na mzazi asitarajie chuo kimfanyie kazi hiyo.

Tunamuomba Allah awajaalie vijana wetu elimu yenye manufaa na riziki ya halali. Na Allah ndiye Mjuzi zaidi.