Dhahabu Isiyochimbwa na Mabati ya Kanisa Letu

Kuna swali ambalo wengi wetu tumelikwepa kwa miaka mingi. Mabati yaliyo juu ya vichwa vyetu kila Jumapili yalinunuliwa na nani, na huyo aliyeyanunua alizipata wapi fedha zake? Tunajua vizuri jinsi siku ile ilivyokwenda. Mheshimiwa alifika saa tano, ibada ikiwa katikati, na kwaya ikakatiza wimbo ili ikamwimbie getini. Nyuma yake walikuja marafiki zake, mmoja akitambulishwa kama mkandarasi, mwingine kama mfanyabiashara mashuhuri. Wazee wa kanisa waliinuka kwenye viti vya mbele wakawapisha. Bahasha zilisomwa kwa kipaza sauti, tukapiga makofi, na shilingi mia za akina mama wajane zikasomwa mwishoni, haraka haraka, watu wakiwa wameshaanza kutoka nje kutafuta chakula.

Hatukuuliza kwa nini mheshimiwa na mkandarasi huwa hawaachani. Tungalijiuliza hilo tu, tungalijua mengi.

Tusieleweke vibaya. Biashara si dhambi. Paulo alishona mahema, na Lidia wa Thiatira aliuza nguo za zambarau na nyumba yake ikawa mahali pa kukutania waumini. Serikali nayo ni lazima inunue saruji, dawa, vitabu na mafuta ya magari, na atakayeviuza ni mfanyabiashara. Nchi changa kama yetu haiwezi kujengwa bila wawili hao kushirikiana. Tunachokishutumu hapa ni ndoa inayofungwa gizani, ambapo mfanyabiashara hahitaji tena mteja kwa sababu ana waziri, na waziri hahitaji tena kuridhika na mshahara kwa sababu ana mfanyabiashara. Wanaolisha ndoa hiyo ni walipa kodi, na mara nyingi waliokaa kwenye meza ya harusi ni sisi, watu wa kanisa.

Vijana wetu wengi wanalisikia jina la Goldenberg bila kujua lilikuwa jambo gani. Wazazi wao wanalijua kwa maumivu lakini hawajui lilivyofanyika, kwa hiyo tulieleze kidogo. Serikali ya Kenya ilikuwa na mpango wa kuwalipa fidia wafanyabiashara waliouza bidhaa nchi za nje, ili taifa lipate fedha za kigeni. Nia ya mpango wenyewe haikuwa mbaya. Kiwango cha kisheria kilikuwa asilimia 20 ya thamani ya bidhaa. Mwaka 1990 kampuni ya Goldenberg International iliomba iwe peke yake katika kuuza nje dhahabu na almasi, na ilipwe asilimia 35. Ikakubaliwa. Zile asilimia 15 za ziada zilitolewa na wakubwa kwa hisani yao, kana kwamba hazina ya taifa ni mfuko wa koti lao.

Sasa, kila mtoto wa shule ya msingi anajua kwamba Kenya haina migodi ya almasi. Dhahabu ipo, ile inayosafishwa kwa karai kule Kakamega na Migori, lakini haikaribii hata kidogo kiasi kilichoandikwa kwenye zile fomu. Fomu zilijazwa, mihuri ikapigwa, Benki Kuu ikalipa. Ikafika hatua serikali inatoa hata mkopo wa kugharimia mauzo ya nje kabla mzigo haujaondoka, na mzigo wenyewe haukuwapo. Wafanyabiashara wa kweli, wale wa kahawa na maua, walikuwa wakisubiri foleni ya fedha za kigeni. Mbele yao alipita mtu aliyeuza hewa.

Haya yote yaliandamana na uchaguzi wa Desemba 1992, wa kwanza wa vyama vingi tangu miaka ya 60. Fedha zilimwagwa mitaani mpaka noti ya shilingi 500 ikapewa jina la mwanasiasa kijana wa wakati huo, na watu bado wanaiita hivyo kwa utani. Mwaka 1993 mfumuko wa bei ulifika karibu asilimia 46. Tuliokuwa na familia wakati ule hatuhitaji mchumi wa kutueleza maana yake. Mshahara wa mwalimu ulikuwa na tarakimu zile zile, lakini unga, sukari na sabuni vilikuwa vimepaa. Hospitali za umma nazo zilikuwa zimeanza kudai ada kwa jina la kuchangia gharama. Mtu aliyekufa kwa kukosa ada hiyo hakuandikwa popote kama marehemu wa Goldenberg.

Na tumtaje mmoja ambaye kanisa linapaswa kulijua jina lake, David Munyakei. Alikuwa karani kijana pale Benki Kuu, na makaratasi hayo yalipita mezani kwake. Aliona hayana ukweli, akauliza, akaambiwa anyamaze. Hakunyamaza. Mwaka 1993 nakala za makaratasi hayo ziliwafikia wabunge wa upinzani, na nchi ikajua. Yeye alikamatwa na kushtakiwa chini ya sheria ya siri za serikali. Mahakama ilimwachilia, lakini kazi hakurudishiwa. Alihamia Mombasa, akaishi kwa vibarua, na mwaka 2006 akafariki akiwa maskini. Huo ndio mwaka ambao tume ya Jaji Bosire, iliyoanza kazi 2003, ilikabidhi ripoti yake. Kati ya wakubwa waliohusishwa na kashfa hiyo, hakuna aliyehukumiwa kifungo kwa ajili yake.

Katika miaka yote hiyo, ni ushirika gani ulioitisha harambee ya Munyakei? Tulichanga kwa ajili ya vinanda, kwa ajili ya magari ya wachungaji, kwa ajili ya seng'enge. Karani aliyekataa kupiga muhuri wa uongo hakupata hata kapu la viazi kutoka kwetu.

Wapo watakaosema hayo ni mambo ya zamani na wahusika walikuwa wachache. Lakini mzizi ulipandwa mapema. Mwaka 1971 Tume ya Ndegwa, iliyochunguza utumishi wa umma, ilikubali kwamba mtumishi wa serikali anaweza kufanya biashara zake binafsi huku akiendelea na kazi yake. Kuanzia hapo anayeandika zabuni na anayeiomba waliweza kuwa mtu mmoja, au mtu na mkewe, au mtu na shemeji yake. Katiba ya 2010 ilijaribu kuufunga mlango huo kwa sura yake ya sita, ile ya uongozi na uadilifu. Sheria imeandikwa, lakini mazoea ya miaka 40 hayakutoweka kwa kura ya siku moja. Hata Sheria ya Maadili ya Maafisa wa Umma ya 2003 iliwawekea maafisa mipaka katika kuchangisha harambee. Sisi makanisani tukaisoma sheria hiyo kama inayowahusu watu wengine.

Hapa itatubidi tuwajibu wenzetu wanaotetea bahasha, na miongoni mwao wamo wachungaji tunaowapenda. Husema kwamba fedha zote ni za Mungu, na kwamba zikikataliwa kanisani zitaishia baa. Basi tumsikilize Abramu. Katika Mwanzo 14, akitoka vitani, mfalme wa Sodoma alimpa mali zote zilizotekwa, na Abramu alikuwa na haki ya vita ya kuzichukua. Alikataa hata uzi wa kiatu, asije mfalme yule akajisifu kwamba ndiye aliyemtajirisha. Abramu hakusema mali hiyo ni ya Mungu hata hivyo. Alijua kwamba anayepokea hufungwa na anayetoa, na kwamba siku Sodoma inapohitaji kukemewa, mdomo ulioshiba mali ya Sodoma huwa mzito.

Kuna jambo la aibu zaidi. Katika Mathayo 27, Yuda alipovitupa vipande 30 vya fedha hekaluni, makuhani wakuu walikataa kuviweka katika hazina, kwa kuwa ilikuwa thamani ya damu. Watu wale wale walikuwa wamemlipa Yuda wao wenyewe. Walikuwa wanafiki wa kupindukia, lakini walijua kwamba si kila fedha inaingia sandukuni. Kamati zetu za ujenzi hazijafika hata pale.

Wengine hututajia Zakayo. (Siku hizi jina hilo limekuwa la mzaha wa kodi nchini kwetu, lakini turudi kwa yule wa Yeriko.) Ni kweli Yesu aliingia nyumbani kwake. Lakini mesomeni vizuri katika Luka 19. Zakayo hakumpa Yesu bahasha ya kujengea sinagogi. Alisimama akasema atawapa maskini nusu ya mali yake, na kila aliyemdhulumu atamrudishia mara nne. Fedha ilirudi kwa wenyewe. Mkandarasi aliyelipwa kwa barabara isiyojengwa akitaka kutubu, asije na hundi kwetu. Airudishie kaunti, au aijenge barabara.

Tunaisema hivyo kwa sababu barabara hiyo tunaijua. Ni ile inayopita mbele ya kanisa letu. Aliyetutolea mabati ndiye aliyepewa kazi ya kuiwekea lami, na lami hiyo ilichukuliwa na mvua za masika ya kwanza. Tulipokanyaga matope kuja ibadani hakuna aliyethubutu kulitaja jina lake, kwa kuwa lilikuwa limechongwa kwenye jiwe la msingi, juu kidogo ya jina la Bwana wetu.

Dada mmoja wa ushirika wetu alipata LPO ya kupeleka maharagwe katika taasisi moja ya umma. Aliposikia kwamba asilimia 30 ya zabuni za serikali zimetengewa vijana, akina mama na watu wenye ulemavu, alimshukuru Mungu, akakopa katika chama, akanunua magunia, akayafikisha kwa wakati. Ofisini aliambiwa kwamba karatasi zake zingetembea haraka kama angewakumbuka wenzake. Hakuwakumbuka, kwa kuwa alikuwa ameokoka na alichukulia jambo hilo kwa uzito. Mwaka ukapita, na mwingine. Waliokopesha walianza kuchukua vitu vyake, kwanza televisheni, kisha ng'ombe.

Alisimama katika ushuhuda akaomba tumwombee. Tukamwombea, na maombi yalikuwa mazuri kwelikweli, tukaomba apate kibali machoni pa wakubwa. Kibali cha nini? Dada huyu hakuhitaji kibali. Alikuwa na deni lililoiva, lenye saini na muhuri. Alihitaji wazee watatu wa kanisa wavae makoti Jumatatu asubuhi waende naye ofisini, wakae kwenye benchi pamoja naye mpaka mtu aseme kwa mdomo wake kwa nini halipwi. Hatukwenda. Mmoja wetu alisema waziwazi kikaoni kwamba bosi wa ofisi ile ndiye mgeni rasmi wa harambee ya mwezi ujao.

Ndivyo bahasha inavyofanya kazi. Haikununua mahubiri wala kura zetu, walau si za wote. Ilinunua Jumatatu moja asubuhi, na dada yetu akauza shamba.

Tukumbuke pia kwamba si wote walionyamaza. Maaskofu kama Henry Okullu, Alexander Muge na David Gitari, na Mchungaji Timothy Njoya, walisema wakati kusema kulikuwa hatari. Septemba 2021 Askofu Mkuu Jackson Ole Sapit wa Kanisa la Anglikana alitangaza kwamba wanasiasa wanakaribishwa kuabudu kama waumini wengine, lakini madhabahu si jukwaa lao. Novemba 2024 Askofu Mkuu Philip Anyolo wa Jimbo Kuu Katoliki la Nairobi alirudisha mchango wa Rais kwa kanisa moja la jimboni mwake, shilingi 600,000 za kwaya na milioni 2 za nyumba ya padri. Tulisikia baadhi ya watu wakimcheka kwamba ana kiburi. Tunawauliza hao, ni lini mara ya mwisho kanisa lao lilirudisha hata elfu moja?

Sisi tumeanza, na tumeanza vibaya, kwa kugombana. Katika mkutano mkuu wa ushirika tulipiga kura kwamba mtu yeyote anayefanya biashara na serikali, au anayeshika ofisi ya umma, atatoa sadaka yake kama sisi wengine, ndani ya kikapu, bila jina kusomwa. Kura 94 zilikubali na 71 zilikataa. Familia nne zimehama. Ujenzi wa ukumbi umesimama kwenye lenta, na mvua inanyea ndani. Mweka hazina anasema kwa mwendo huu wa shilingi hamsini hamsini tutahitaji miaka sita, na yeye ni mtu asiyetia chumvi.

Kuhusu dada yetu, wazee watatu walikwenda hatimaye, miezi mingi ikiwa imepotea. Walikaa kwenye benchi siku mbili. Siku ya pili walipewa tarehe, kwa maandishi. Tarehe hiyo imepita bila malipo, na Jumatatu ijayo wanarudi wakiwa saba.