Pilipili, Nobel na maumivu: ugunduzi wa David Julius umebadilisha nini?

Mtu akila pilipili kali, mdomo unawaka ingawa hakuna moto. Kutafuta sababu ya jambo hilo la mezani ndiko kulikomfikisha David Julius, mtafiti wa Chuo Kikuu cha California mjini San Francisco, kwenye tuzo ya Nobel ya tiba, tarehe 4 mwezi wa kumi 2021. Sifa anastahili. Lakini mgonjwa anayekesha kwa maumivu ana swali lake: ugunduzi huo umeleta dawa gani?

Mlango unaofunguliwa na joto

Waganga walijua zamani kwamba kapsaisini, kitu kinachoipa pilipili ukali wake, inaamsha mishipa ya fahamu inayobeba maumivu. Hawakujua inaamsha kwa njia gani. Julius na wenzake walikusanya vipande vya jeni zinazofanya kazi katika mishipa hiyo, wakaviingiza katika seli ambazo kwa kawaida hazisikii pilipili, kisha wakatafuta kipande kitakachozifanya ziitikie.

Mwaka 1997 walitangaza jibu: protini inayoitwa leo TRPV1. Imekaa kwenye utando wa seli kama mlango. Pilipili inaufungua, na joto linalozidi digrii 43 hivi linaufungua pia. Kwa ubongo, habari ni moja: kuna kitu kinachoma.

Tangu hapo watafiti wa maumivu walipata kitu cha kushika na kupima. Ilieleweka pia kwa nini ngozi iliyoungua inauma hata ikiguswa na maji ya uvuguvugu: kemikali za uvimbe zinafanya mlango huo ufunguke kwa joto dogo. Ardem Patapoutian, mzaliwa wa Beirut nchini Lebanon, aligawana Nobel hiyo na Julius kwa kugundua protini zinazoitikia mguso.

Dawa zilizokwama njiani

Kampuni za dawa zilikimbilia kutengeneza vidonge vya kuufunga mlango huo. Majaribio yakaleta matatizo mawili. Joto la mwili la baadhi ya watu lilipanda hadi karibu digrii 40. Wengine hawakuweza tena kutambua vizuri kitu cha moto, wakawa katika hatari ya kujiunguza. Mlango unaoleta maumivu ndio huohuo unaoulinda mwili.

Njia iliyofaulu ilikuwa ya kinyume. Plasta yenye kapsaisini nyingi, iliyoruhusiwa Marekani mwaka 2009, inaichosha mishipa mpaka inanyamaza kwa muda. Inatumika kwa maumivu yanayobaki baada ya ugonjwa wa zona.

Hata hivyo, fikra ya kuyazuia maumivu kwenye mishipa yenyewe, kabla hayajafika kwenye ubongo, iliendelea katika maabara nyingine. Baadhi ya watafiti walifuata mlango tofauti, NaV1.8, unaopitisha ishara za maumivu. Tarehe 30 mwezi wa kwanza 2025, Marekani iliruhusu suzetrigine, dawa ya kwanza inayoufunga mlango huo, kwa watu wazima wenye maumivu makali ya muda mfupi, kama yale ya baada ya upasuaji. Haipiti njia ya morfini na dawa nyingine za jamii ya afyuni, ambazo uraibu wake umeua watu wengi sana Marekani.

Na wagonjwa wa huku?

Bei iliyotangazwa wakati huo ni dola 15,50 kwa kidonge, na mgonjwa anameza viwili kwa siku. Kwa familia nyingi za Goma, Bukavu au Bunia, hiyo si dawa ya kufikiria kesho.

Tena, tatizo la nchi maskini si kukosa uvumbuzi mpya. Morfini inajulikana kwa zaidi ya miaka 200, na imo katika orodha ya dawa za lazima ya Shirika la Afya Duniani tangu orodha ya kwanza ya mwaka 1977. Mwaka 2017, tume ya jarida la tiba The Lancet ilionyesha kwamba kati ya tani 298,5 za dawa za jamii ya morfini zilizogawanywa duniani kwa mwaka, nchi zenye kipato cha chini kabisa, Kongo ikiwa mojawapo, zilipata tani 0,1 tu kwa jumla. Ni kilo 100.

Jirani Uganda ilichagua njia ya gharama ndogo: unga wa morfini unachanganywa na maji ndani ya nchi, mgonjwa anapewa bure, na tangu 2004 wauguzi waliopata mafunzo maalumu wanaruhusiwa kuiandika. Haikungoja Nobel wala kidonge cha dola 15.

Kazi ya Julius itazaa dawa nyingine, pengine baada ya miaka mingi. Lakini mwenye kansa anayelia usiku huu anaweza kutulizwa kwa dawa ya zamani na ya bei nafuu. Kuifikisha hospitalini ni kazi ya serikali, si ya maabara.