Jaguar ya zamani, batiri mpya, na hesabu ya kobalti yetu

Makamarade, na nyinyi bamama munaosoma ukurasa huu mbele ya kumupatia baba gazeti, leo ninaanza na motokari. Siyo kamyo ya mine, siyo taksi. Ni Jaguar E-Type, gari ya spoti ya Waingereza, yenye ilionyeshwa kwa watu Genève mwaka 1961. Pua ndefu, viti viwili, motere ya silinda sita. Mwenye kuwa nayo hapeleki nayo watoto kwenye masomo. Anaitoa siku ya posho ao ya yenga, kama jua iko, anaikimbiza kwenye barabara ya kona kona, kisha anairudisha garaje na kuifunika nguo.

Toka zamani watu wa namna ile wanapenda kuongeza nguvu ya gari zao: feren kubwa, resori ngumu, karibirateri ingine. Ila sasa kuko wenye kutoa motere nzima ya esanse na kuweka ya umeme. Hapo njo habari inafika Kolwezi.

Mwaka 2017 kampani ya Jaguar yenyewe ilionyesha E-Type ya 1968 iliyogeuzwa hivyo, E-Type Zero. Batiri ya kilowati-saa 40 waliiweka mahali motere ilikuwa, na motere ya umeme mahali pa bwate ya vitesi. Angalia akili yao: batiri ilipewa kipimo na uzito karibu sawa na motere ya zamani, ili feren na resori vibakie vile vile. Gari ilitoka na kilo 46 chini ya ile ya esanse. Kusimama mpaka kilometa 100 kwa saa: sekunde 5,5, karibu sekunde moja mbele ya ya zamani. Mwaka 2018 Prince Harry alitembeza bibi yake ndani ya gari ya namna ile siku ya ndoa yao kule Windsor.

Siye tuliofanya kazi chini ya udongo, nguvu ile haitushangazi. Motere ya umeme inavuta toka mzunguko wa kwanza. Njo inapandisha watu kutoka shimoni bila kelele. Kwenye kona ni vile vile: unakanyaga, inaenda. Wenye kupenda sauti ya silinda sita wanakasirika, na mimi nawaelewa kidogo. FIVA, chama cha dunia cha magari ya zamani, ilisema mwaka 2019 kwamba gari iliyogeuzwa hivyo haihesabiki tena kama gari ya historia, na vitu vilivyotolewa vichungwe ili viweze kurudishwa. Ufaransa, yenyewe, iliruhusu kazi ile kwa amri ya mwaka 2020, kwa gari zenye kupita miaka 5.

Sasa tufungue sanduku ya batiri. Kuko aina mbili kubwa za kuchagua. Moja iko na nikeli, manganezi na kobalti, wanaiita NMC. Ingine iko na chuma na fosfati, LFP. Ndani yake kobalti hakuna hata gramu. LFP ni bei chini, haishiki moto upesi, inakaa miaka mingi. Ubaya wake: kwa umeme ule ule, ni nzito zaidi na inakula nafasi. Kwa basi, kilo 100 zaidi si neno. Kwa gari ndogo ya spoti ni kesi. Ukiongeza uzito nyuma, mkia unatoka kwenye kona; ukiongeza mbele, gari inakataa kugeuka. Na feren za 1968 hazikufanywa kwa mzigo ule. Ukichukua batiri ndogo, umeme unaisha njiani, juu mwenye kukimbiza anaumaliza mbio. Zile kilometa 270 zilizotangazwa kwa E-Type Zero haziko za mtu mwenye kukanyaga mpaka chini.

Kwa hiyo fundi anarudi kwenye batiri yenye kobalti. Na mara mingi hanunui mpya, anatafuta ya Tesla iliyopata aksida. Hapo kobalti, pengine ya kwetu, inatumika mara mbili, na mchimbaji alilipwa mara moja.

Gari za namna ile ni chache, haziwezi kumaliza mzigo wetu. Ila zinaonyesha nani bado anahitaji kobalti: yule mwenye kuogopa uzito na mwenye franga. Mwenye gari ya kila siku anatazama bei. Mwaka 2024 karibu nusu ya batiri za gari za umeme duniani zilikuwa LFP, na Uchina zaidi sana.

Mwezi wa pili 2025 serikali yetu ilisimamisha kobalti isitoke inje, juu bei ilianguka. Toka mwezi wa kumi kuko kwota: tani 96.600 kwa mwaka 2026, na vile vile 2027. Mimi naona ilikuwa haki. Nchi yenye kutoa zaidi ya nusu ya kobalti ya dunia haiwezi kuiuza kama mchanga. Lakini bei ikipanda kupita kiasi, wenye kufanya gari za kila siku watakimbilia LFP, na kuwarudisha itakuwa nguvu. Tutabakia na mteja wa siku ya yenga.

Sasa, mushahara. Kwenye mazungumzo ya mwisho, patroni wetu alituwekea mezani karatasi moja: bei ya kobalti. Imeanguka, kwa hiyo primu hakuna. Hatukuwa na jibu, na ile ni kosa letu sisi madelege. Kwa maana ukiweka NMC ao ukiweka LFP, motere na kamba za umeme zinabakia shaba, na gari ya umeme inakula shaba mingi kuliko ya esanse. Shaba haimo kwenye ile kwota, na mwaka 2025 bei yake ilivuka dola 10.000 kwa tani. Kwenye mine zetu mingi madini hayo mawili yanatoka kwenye jiwe moja. Basi mbona tuonyeshwe bei moja?

Safari hii tutaomba hesabu zote mbili, na tani zilizotoka kila mwezi. Mwenye bado hajaleta buletini zake za malipo za miezi sita, azipeleke kwa delege wake mbele ya siku ya posho.