Taa ya Njano Si Ruhusa ya Kukimbia



Sisi wanafunzi wa darasa la juu tuna neno kuhusu mataa ya barabarani. Wengi wetu huvuka barabara kubwa za hapa Dar es Salaam tukija madrasa, juzuu kwapani na mdogo wetu mkononi. Tunangoja magari yawakiwe nyekundu. Yakishawakiwa ndipo hofu huanza, maana hayasimami yote.

Kila mtu anajua kuwa nyekundu ni simama na kijani ni nenda (ingawa hata kijani ni nenda iwapo njia ni nyeupe, si nenda ukamgonge aliye katikati). Mgogoro uko kwenye njano. Madereva wengi huisoma, "Wahi kabla haijawa nyekundu." Sivyo. Taa ya kwanza, iliyowekwa karibu na Bunge la London mwaka 1868, ilikuwa ya gesi yenye nyekundu na kijani tu, na mwezi uliofuata ililipuka ikamjeruhi askari aliyekuwa akiiendesha. Njano iliongezwa mjini Detroit, Marekani, mwaka 1920 na askari William Potts, kwa ajili ya kuonya. Maana yake ni simama, isipokuwa umeshakaribia mno hata kufunga breki kwa ghafla kukawa hatari.

Tupige hesabu. Gari linalokwenda kilomita 50 kwa saa hukata takriban mita 14 kila sekunde, wala halisimami papo hapo. Ndiyo maana njano hupewa sekunde kama 3 au zaidi. Baada yake, mataa mengi huwa na sekunde moja au mbili ambazo pande zote ni nyekundu, ili waliomo katikati ya njia panda watoke. Anayekanyaga mafuta akiona njano anazila sekunde hizo, na si zake. Ni za mtoto aliyesimama pembeni. Tumefundishwa kwamba haki ya mja haifutiki mpaka mwenyewe asamehe. Sisi tunaona sekunde mbili za mvukaji nazo ni haki.

Wengine husema, "Trafiki hayupo." Ni kweli kwamba trafiki akiwepo na akanyoosha mkono, yeye ndiye wa kufuatwa, hata taa ikisema vingine. Asipokuwepo, nyekundu ni nyekundu. Inatuuma kusema, lakini baadhi ya wanaopita nyekundu tunawaona wamevaa kanzu na kofia, wakiwahi swala ya jamaa.

Nasi tuna makosa yetu. Palipo na taa za waendao kwa miguu, yule mtu wa kijani akianza kuwaka na kuzimika, maana yake usianze kuvuka, na aliye katikati amalizie. Sisi ndio kwanza huanza kukimbia.

Baba zetu na kaka zetu wa bodaboda mnaotuleta, tunajua haraka yenu mara nyingi ni kwa ajili yetu, mkiogopa tutachelewa. Tumezungumza na ustadhi. Amekubali kwamba mwanafunzi aliyecheleweshwa na mataa ataingia darasani bila kuulizwa.