Wikendi moja Ulaya: mwende uwanja upi?

 

Juma hili nimepokea barua ya mama mmoja wa mtaa wa Umoja, Nairobi, nami nikaisoma mara mbili. Kifungua mimba wake ni mwanafunzi wa chuo kikuu mjini Cologne, Ujerumani. Miaka minne sasa hawajaonana ila kwa simu. Mwaka huu mama huyo amepata nauli, tena kwa jasho: chama cha akina mama kimempa zamu yake, naye akaongezea akiba ya duka lake. Atasafiri na kitinda mimba wake, mvulana wa miaka kumi na minne. Watakaa huko siku kumi, lakini yule mkubwa ana masomo mchana na kibarua jioni. Wikendi atakayokuwa huru ni moja tu.

"Wanangu wote wawili wanaugua kandanda," aandika dada huyu. "Zamani walitazama mpira wakiwa kwenye kochi moja. Sasa mdogo anazungumza na kaka yake kama mgeni: habari, nzuri, basi. Nataka niwapeleke uwanjani pamoja. Mdogo anataka Anfield. Mkubwa anasema popote. Mimi hata kuotea sijui ni nini. Tuchague uwanja upi?"

Dada, ahsante kwa barua yako. Wengi wangekujibu kwa jina la timu wanayoishabikia wao. Mimi nitaanza na maswali matatu, maana wahenga walinena kwamba haraka haraka haina baraka, na pesa za chama hazina budi kurudi nyumbani na kitu cha kusimulia.

Swali la kwanza ni la karatasi. Viza yenu itakuwa ya Schengen, ambayo hukuruhusu kuzunguka Ujerumani, Uholanzi, Ubelgiji, Ufaransa, Italia, Hispania na nchi nyingine kadhaa. Uingereza haimo. Anayetaka kwenda Liverpool kutoka Cologne hana budi kuomba viza nyingine, alipe ada nyingine na kungoja majibu mengine. Tena ni watu watatu, kwani mwanafunzi Mkenya aliye Ujerumani naye anaihitaji. Wazazi wengi hugundua jambo hili wakiwa wameshalipia ndege.

Swali la pili ni la kalenda. Usidhani kwamba kila Jumamosi kuna mpira. Ligi husimama timu za taifa zinapocheza, aghalabu Septemba, Oktoba, Novemba na Machi. Ujerumani hupumzika pia kati ya mwisho wa Desemba na mapema Januari. Isitoshe, ratiba inapotolewa mwanzoni mwa msimu huonyesha wikendi tu. Siku na saa hutangazwa baadaye. Timu iliyocheza kombe la Ulaya Alhamisi huenda ikasukumwa hadi Jumapili. Kwa hivyo mwambie mwanao aihifadhi Ijumaa jioni, Jumamosi na Jumapili, na tikiti za gari moshi zingoje siku ya mechi ithibitishwe.

Swali la tatu ndilo zito: mtaingiaje? Timu kubwa huwauzia kwanza wanachama wao, na kinachosalia ndicho huuzwa kwa umma. Hapo ndipo walanguzi hutegea, na bei zao zaweza kuwa mara nne au tano. Wengine huuza karatasi isiyofungua lango lolote. Uingereza, sheria ya mwaka wa 1994 inafanya kuuza tikiti ya kandanda bila idhini kuwa kosa la jinai. Nunua kwa klabu yenyewe, au katika soko la klabu ambako wenye tikiti wasioweza kwenda huziuza. Mlanguzi akikwambia ana viti vitatu, kimoja huku na viwili kule, mwulize: nimesafiri kutoka Nairobi ili wanangu watengane tena?

Sasa tuangalie viwanja vyenyewe.

Namwelewa sana kijana wako kuhusu Anfield. Hapo, tarehe 7 Mei 2019, Liverpool iliifunga Barcelona 4-0 baada ya kushindwa 3-0 Hispania, na mabao mawili, la kwanza na la mwisho, yalifungwa na Divock Origi. Babake, Mike Okoth, aliichezea Harambee Stars. Mtoto wa Kenya akikwambia anataka kuliona lango lile, usimcheke. Uwanja huo ulifunguliwa mwaka wa 1884, na wenyeji wake wa kwanza walikuwa Everton. Walipohama mwaka wa 1892 ndipo Liverpool ikazaliwa. Msomaji mwenye jamaa Uingereza na viza ya huko, nenda bila kusita. Lakini kwako, dada, Anfield ni safari ya pili, si hii.

Barcelona nayo ina mvuto, ila uwanja wake wa Camp Nou ulianza kufanyiwa ukarabati mkubwa mwaka wa 2023, na timu ikacheza mlimani Montjuïc hadi iliporejea Novemba 2025 huku mafundi wakiwa bado kazini. Nenda siku kazi itakapokwisha.

Milano ni hadithi nyingine. San Siro, uliofunguliwa mwaka wa 1926, ni nyumba ya timu mbili mahasimu, AC Milan na Inter. McDonald Mariga wetu alikuwa katika kikosi cha Inter kilichotwaa Klabu Bingwa Ulaya mwaka wa 2010. Mwaka wa 2025 baraza la mji lilikubali kuziuzia timu hizo uwanja huo, nazo zina mpango wa kujenga mpya kando yake na kubomoa sehemu kubwa ya huu wa zamani. Mwenye jamaa Italia asichelewe. Lakini kutoka Cologne hiyo ni ndege na hoteli ya watu watatu, na wikendi yenu itaishia kwenye foleni.

Ndiyo maana, dada, jibu langu ni Dortmund.

Kwanza, ni karibu. Kutoka Cologne ni mwendo wa saa moja na kitu kwa gari moshi, na siku ya mechi kuna magari moshi yanayosimama hatua chache tu kutoka uwanjani. Hakuna hoteli ya lazima. Mtalala kwa mwanao.

Pili, ni uwanja hasa. Unaitwa Signal Iduna Park tangu 2005, lakini wazee wa huko bado wanauita Westfalenstadion. Hubeba watu zaidi ya 81,000, na hakuna mkubwa kuliko huo Ujerumani nzima. Upande wa kusini kuna jukwaa la watu kusimama, karibu 25,000, wote wamevaa manjano na nyeusi. Waingereza waliondoa majukwaa ya kusimama katika ligi zao za juu baada ya maafa ya Hillsborough ya mwaka wa 1989, lakini Wajerumani waliyabakiza, na hiyo ni sababu mojawapo ya mwanafunzi na mfanyakazi wa kawaida kumudu kiingilio. Nakusihi lakini usitafute tikiti za huko. Nyuma ya bendera na watu warefu hivyo, kijana hataona kitu. Tafuta viti vya pembeni ili muutazame ukuta ule wa manjano ukiimba.

Tatu, uwanja huo una habari yetu. Ulijengwa kwa ajili ya Kombe la Dunia la 1974. Mechi ya kwanza ya Kombe la Dunia kuchezwa hapo, tarehe 14 Juni 1974, ilikuwa kati ya Scotland na Zaire, nchi tunayoiita leo Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Zaire ndiyo iliyokuwa timu ya kwanza kutoka kusini mwa Sahara kufika fainali hizo. Walifungwa 2-0 na wakarudi nyumbani bila bao, lakini walifungua mlango ambao Kamerun, Nijeria, Senegali na Ghana waliupitia baadaye. Mwambie kijana hayo mkiwa mmeketi. Najua atauangalia uwanja kwa jicho jingine.

Basi, fanyeni hivi. Mkubwa aingie kwenye mtandao wa klabu mapema, ajiandikishe na afuatilie siku ya mauzo. Mechi dhidi ya Bayern München au Schalke msiiwazie. Tafuteni ile dhidi ya timu ndogo. Mechi nyingi za Jumamosi huanza saa tisa na nusu alasiri, lakini ninyi fikeni asubuhi. Mkabala na stesheni kuu ya Dortmund kuna jumba la makumbusho la kandanda ya Ujerumani, lililofunguliwa mwaka wa 2015. Saa mbili humo zitamtosha hata mama asiyejua kuotea. Kisha nendeni uwanjani polepole pamoja na umati. Msibebe mikoba mikubwa, maana viwanja vingi vya huko haviruhusu mfuko unaozidi ukubwa wa karatasi ya kawaida ya kuandikia barua. Vaeni sweta. Msivae jezi ya wapinzani. Na soseji inayouzwa ndani ya mkate mara nyingi ni ya nguruwe. Asiyekula aulize kwanza.

Je, tikiti zikikosekana? Hapa ndipo wengi huvunjika moyo na kumkimbilia mlanguzi. Usifanye hivyo. Eneo hilo lote, Ruhr, lilikuwa nchi ya makaa ya mawe na chuma, na kila mji wa wachimba migodi ulikuwa na timu yake. Mgodi wa mwisho wa makaa ulifungwa mjini Bottrop Desemba 2018, lakini timu zimebaki. Bochum iko dakika chache kwa gari moshi kutoka Dortmund. Uwanja wake hubeba watu kama 26,000, umekaa katikati ya mji, na huko kupata viti vitatu vya pamoja ni rahisi zaidi. Gelsenkirchen, kwao Schalke, nyasi zote za uwanja husukumwa nje zipate jua na mvua, kama droo ya kabati, kisha zikarudishwa ndani. Na hata pasipo mechi, Dortmund yenyewe hutembeza wageni: mtaingia vyumba vya wachezaji, mtasimama kando ya nyasi, kwa bei iliyo chini sana ya ile ya mlanguzi. Angalieni tu ratiba ya ziara, kwa sababu hubadilika siku za mechi.

Kuhusu kijana na Anfield yake, usimfiche. Mketishe leo, umweleze habari ya viza na hesabu za chama. Watoto wetu wanaelewa pesa kuliko tunavyodhani. Kinachowauma ni kukataliwa bila sababu. Kisha mpe kazi. Ajifunze majina ya wachezaji wa timu zote mbili, achore ramani ya njia kutoka stesheni, na yeye ndiye ampigie kaka yake kuuliza siku ya mauzo ya tikiti. Utaona "habari, nzuri, basi" ikigeuka kuwa nusu saa ya mabishano kuhusu nani acheze beki wa kulia. Safari yako itakuwa imeanza kabla hujapanda ndege.

Msomaji mpenzi, nawe huenda jamaa yako yuko Glasgow, ambako Victor Wanyama aliifungia Celtic kwa kichwa dhidi ya Barcelona tarehe 7 Novemba 2012, au yuko Madrid, au Amsterdam. Jiulize maswali yale yale matatu: karatasi, kalenda na lango. Ukubwa wa jina la uwanja uje nyuma yake. Jina utaliona kwenye runinga kila juma, lakini ndugu waliokaa miaka minne bila kuonana hawatapata wikendi nyingine mwaka huu.

Dada wa Umoja, chagua uwanja ambao ninyi watatu mtaingia kwa lango moja na kuketi safu moja. Wewe keti katikati ukipenda. Lakini mimi ningekaa pembeni, niwaache wale wawili wakae bega kwa bega kama zamani kwenye lile kochi.

Ukirudi salama, tuandikie. Hata matokeo usipoyakumbuka, tuambie walizungumza nini kwenye gari moshi la kurudi.

Jumapili njema.