Usirudi mkono mtupu kutoka Wajir

Nairobi kuna dhana iliyozoeleka kwamba anayetoka Garissa, Wajir au Mandera hana cha kuleta. Anayetoka Mombasa huulizwa halua, anayetoka Kisumu huulizwa samaki, lakini mwalimu anayerudi likizo kutoka Mandera huulizwa hali ya usalama tu. Dhana hiyo ni potofu, na ajabu ni kwamba ndege ndogo za huko ndizo zinazousuta upotofu huo. Katika ndege nyingi za aina hiyo zinazoruka kutoka Uwanja wa Wilson, abiria huruhusiwa takribani kilo 15 za mzigo. Masharti hayo yanamlazimu msafiri kuchagua kitu chepesi, kikavu, kisichovunjika wala kuoza. Basi atafute Kenya nzima bidhaa yenye sifa zote hizo. Ataishia kwenye ubani na manemane, na miti yake inamea papo hapo, katika nyika ya Wajir na Mandera.

Wafugaji huokota utomvu uliojitokeza wenyewe na kukauka kwenye magome ya miti hiyo huku wakichunga mifugo. Hauhitaji shamba, maji wala mbolea, na huendelea kuwapa watu kipato kidogo msimu ambao ng'ombe wamekonda na hawana bei. Sehemu kubwa ya utomvu huo huuzwa nje ikiwa ghafi, ikageuzwa manukato na dawa viwandani, na faida nono hubaki huko. Msafiri anayenunua nusu kilo sokoni hafuti tofauti hiyo, lakini humlipa muuzaji bei ya rejareja, ambayo mnunuzi wa magunia hamlipi. Tena ni zawadi yenye matumizi. Nyumba za Wasomali hufukizwa jioni, na mwambao wetu wote, kuanzia Lamu hadi Unguja, unajua kazi ya chetezo kwenye harusi na maulidi. Mwombe muuzaji akuchomee kidogo kabla ya kulipa, kwani kila utomvu una harufu yake, na pua yako ndiyo mwamuzi.

Nyirinyiri inataka uangalifu zaidi. Ni nyama, mara nyingi ya ngamia, iliyokatwa vipande vyembamba, ikaanikwa, ikakaangwa na kuhifadhiwa katika mafuta, na hukaa miezi bila friji. Kwa safari ya kuishia Nairobi hakuna zawadi tamu kuishinda. Ifunge vizuri kwenye mkebe na uiweke katika mzigo wa chini, maana mafuta hayo huyeyuka kwa joto. Lakini kama ndugu anayengoja zawadi yuko Minneapolis au London, mwache aile siku atakapokuja nyumbani. Marekani, Uingereza na Umoja wa Ulaya huzuia abiria kuingiza nyama kutoka nchi kama yetu, na itaishia kwenye pipa la forodha. Huyo mpelekee ubani, na uutaje kwenye fomu ukiulizwa. Maziwa ya ngamia yaache yasafiri kwa basi, kama yanavyofika Eastleigh siku zote. Katika safari za kimataifa, kimiminika kinachozidi mililita 100 kwa kawaida hakipiti na mzigo wa mkononi. Na chochote cha mnyamapori, hata bangili ya mkia wa twiga, kisiguswe: Sheria ya Wanyamapori ya 2013 haina huruma, na eneo hili ndilo makao ya hirola, swala aliyebaki kwa mamia tu.

Wapo watakaosema kuandika habari za zawadi kuhusu eneo hili ni kusahau damu iliyomwagika. Haisahauliki. Tarehe 22 Novemba 2014 abiria 28 wa basi lililotoka Mandera waliuawa, na tangu hapo wengi wenye uwezo wa kulipa nauli ya ndege hawataki kusikia habari za barabara hiyo ya karibu kilomita 1,000. Simshawishi mtalii apuuze tahadhari. Ninasema na wale wanaosafiri tayari: walimu, wauguzi, maofisa wa kaunti, wafanyabiashara, familia zinazorudi kwa Idi. Hao wanapanda ndege kila wiki, na fedha zao zingeweza kubaki kidogo mahali walikofanyia kazi. Wengine watasema bidhaa hizo zote zipo Eastleigh. Zipo, lakini zikifika huko zimeshapita mikono mingi, na kila mkono umekata chake.

Chagua ndege ya asubuhi, kwa sababu hewa ya mchana wenye joto ni nyepesi na ndege ndogo hulazimika kupunguza mzigo, ambao huenda ukawa wako. Ukienda Wajir, kaa upande wa kushoto. Anga ikiwa safi utauona Mlima Kenya wote. Ukirudi, mlima utakuwa kulia. Lakini kazi kubwa haiko kwa msafiri. Serikali za kaunti za Wajir na Mandera ziwape akina mama wanaouza ubani na nyirinyiri nafasi palepale abiria wanapongojea ndege: meza, mizani iliyokaguliwa, vifungashio vyenye jina la kaunti na maelezo ya nchi zinazokubali bidhaa ipi. Gharama yake ni ndogo, na bajeti ya kaunti yoyote inaweza kuilipa.