Mkoko wa Kuuza Sura, Mkoko wa Kufika

Wiki hii mambo ya mapenzi tuyaweke kando kidogo, tuongelee mikoko. Imenibidi, maana hapa Bariadi msimu wa pamba ukichanganya na watu wakishika mshiko, kijiweni hakukosi mtu wa kuuliza: eti kati ya BMW, Benz, Range Rover na Lexus, ipi kali?

Kali kwa kazi gani, bwana?

Ninaye binamu yangu mmoja, jina kapuni. Aliuza pamba, akaongezea na ng'ombe wa baba yake, akashusha gari la Kijerumani lililotumika, viti vya ngozi, jeusi tii. Shemeji alikuwa ameahidiwa fremu ya duka sokoni. Akaambiwa asubiri kidogo.

Nisiwe mnafiki, lile gari lilikuwa bomba. Tulilipeleka Lamadi, kiasi cha kilometa 70 za lami, nikawa kama nimekaa sebuleni kwa mtu mwenye hela. Mshale wa spidi ulifika mahali ambapo siandiki, mama yangu anasoma gazeti hili.

Mwezi wa pili ikawaka taa ya njano kwenye dashibodi. Fundi wetu wa mtaani, ambaye Hiace anaifungua amefumba macho, akainua boneti, akakuta limfuniko la plastiki, akashusha boneti taratibu. "Hili linataka kompyuta," akasema. Likaburutwa mpaka Mwanza. Kifaa kikaagizwa, wiki tatu zikapita, na kilipokuja ikaonekana giaboksi nayo inaumwa. Hela ya fremu ikaishia hapo.

Sasa usinielewe vibaya, sisemi Mjerumani hajui kutengeneza gari. Anajua mno! Kwao kuna barabara kuu zenye vipande visivyo na kikomo cha spidi, kwa hiyo injini, breki na stelingi vimepangwa kwa maisha hayo, na kwa mwenye gari anayefanya sevisi kwa tarehe. Sisi tunalipokea likiwa limezeeka, wakati sensa na mipira yake imeanza kuchoka. Bei yake inashuka haraka, ndiyo maana tunadhani tumelamba dume.

Mfano Range Rover. Nyingi hukalia mifuko ya mpira yenye hewa badala ya springi za chuma. Ndiyo siri ya ule ulaini, lakini mfuko ukivuja gari linalala chini kama ngamia. BMW nyingi za miaka ya 2000 kuja huku hazina tairi la spea, zina matairi magumu ya kukusogeza hata yakiisha upepo. Kusogea mpaka wapi, kama pancha umeipata njia ya Meatu?

Toyota walipoleta Lexus mwaka 1989, na ile LS 400, walipita njia nyingine: anasa isiyosumbua. Na wengi hawajui kwamba Harrier iliyotoka Japani mwaka 1997 ndiyo hiyohiyo iliyouzwa nje kama Lexus RX. Mpaka mwaka 2009 walipozitenganisha, zilikuwa gari moja lenye nembo mbili. Haikusisimui kwenye kona kama Mjerumani, ila fundi wetu hashushi boneti.

Land Cruiser VX nayo inakunywa mafuta kama fahali aliyetoka machungani, kwenye kona inayumba, na bei yake hata ikiwa kuukuu inatisha. Unalipa mwanzoni kile ambacho binamu yangu alilipa baadaye. Msukuma akienda mnadani kutafuta maksai wa kulima huanza na mabega na miguu. Pembe ataziangalia akishamaliza.

Lakini kuna jambo linanisumbua. Juzi nilipita kwake. Gari liko chini ya turubai, yeye anatembelea pikipiki, shemeji anauza nyanya nje kwenye meza. Nikamuuliza, kaka, hili unaliuza lini? Akanitazama kama nimeuliza bei ya mtoto wake. Akafunua turubai, akafuta vumbi kwenye nembo kwa kiganja, akasema Jumamosi kuna harusi na bwana harusi ameshamwomba, taa ya njano iwake au isiwake.

Shemeji aliposikia hivyo hakusema kitu, akaendelea kupanga nyanya zake.

Tukutane wiki ijayo.